Maboriti, Machipukizi na Ziwa Lililopungua

Wengi wanaotembelea maonyesho yetu ya historia ya mazingira hudhani kwamba binadamu alianza kutambua athari zake kwa misitu na maji katika karne ya 20, moshi wa viwanda ulipozidi. Maandishi ya kale yanaikanusha dhana hiyo. Katika karne ya 4 KK, Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki, aliandika kwamba milima iliyozunguka Athens, ambayo kwa wakati wake ilifaa kulisha nyuki tu, hapo awali ilikuwa na miti mikubwa, na ushahidi wake ulikuwa juu ya vichwa vya watu: maboriti yaliyokatwa huko yalikuwa bado imara katika mapaa ya majengo makubwa. Udongo, alisema, ulikuwa umesombwa hadi baharini, na nchi ikabaki kama mifupa ya mwili uliokondeshwa na maradhi. Hata hivyo lawama aliyaelekezea mafuriko, si shoka.

Mwanafalsafa Mencius, huko China katika karne hiyohiyo, hakusita kulitaja shoka. Alieleza habari za mlima uliokuwa jirani na mji mkubwa: miti yake ilikatwa, umande na mvua vikaleta machipukizi, ng'ombe na mbuzi wakayatafuna, hata aliyeuona mlima ukiwa kipara akaamini kwamba haukuwahi kuwa na miti. Mafundisho yake yalihusu tabia ya binadamu, wala si misitu, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito, kwa kuwa mwalimu huchagua mfano ambao wasikilizaji wanaufahamu tayari.

Sheria zilikuja baadaye sana, na baadhi ya zile za mwanzo zilitungwa visiwani, ambako mwisho wa msitu huonekana kwa macho. Mwaka 1769, watawala Wafaransa wa Mauritius waliagiza robo ya kila shamba iachwe kuwa msitu. Mwaka 1776 Tobago, kisiwa cha Karibi, ikatenga msitu wa milimani kwa ajili ya kulinda mvua.

Mwaka 1800, mwanasayansi Mjerumani Alexander von Humboldt alifika kwenye Ziwa Valencia, Venezuela, akakuta visiwa vya zamani vimeungana na nchi kavu. Wakazi walidhani maji yanatorokea chini ya ardhi. Yeye aliona kwamba mabonde yamefyekwa, hivyo mvua hutiririka kwa kasi badala ya kupenya ardhini taratibu na kulisha chemchemi, na kwamba vijito vimechepushwa kumwagilia mashamba ya mnili, mmea unaotoa rangi ya buluu. Mwaka 1822 alifika mwanasayansi Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault, akakuta malalamiko yamegeuka: ziwa lilikuwa likipanda na kumeza ardhi iliyokwisha kulimwa. Katika miaka ya vita vya uhuru mashamba mengi yalitelekezwa, vijito vikarudi kwenye njia zao, na msitu ulikuwa umeanza kuota tena.