Kilicho pepe ni kipi?

Juzi tena nimesikia mtu akiiita tiba ya kukabili hofu kwa uhalisia pepe (virtual reality) "tiba pepe", na mwenzake akadakia: kama ni pepe, si wanamdanganya mgonjwa tu?

Kwa kifupi: mwenye fobia, yaani hofu iliyopita kiasi ya kitu fulani, tuseme buibui au kupanda ndege, huvaa miwani inayomzungushia kitu hicho kwa picha za kompyuta, akakikabili hatua kwa hatua mbele ya mtaalamu wa saikolojia. Basi.

Sasa hilo neno pepe. Kwa mkulima, pepe ni punje yenye ganda isiyo na kiini. Ukipepeta mpunga, mapepe hupeperuka, chembe zikabaki kwenye ungo. Kwa mambo ya kompyuta neno limekaa vizuri: umbo lipo, ndani hamna kitu. Ila linaeleza mazingira peke yake. Daraja la kwenye miwani ni pepe. Hofu ya anayelivuka si pepe hata kidogo.

Mwaka 1995 mwanasaikolojia Barbara Rothbaum na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watu wanaoogopa urefu. Waliwapeleka kwenye madaraja, roshani na lifti ya kioo, vyote vya kompyuta, tena kompyuta za enzi hizo! Hofu yao ilipungua. Mtu anajua fika kwamba yuko chumbani, amesimama sakafuni, lakini magoti yanamlegea, viganja vinalowa jasho, na mkono unapapasa hewani kutafuta pa kujishikilia. Mtaalamu anamuuliza: kutoka 0 hadi 100, hofu imefika ngapi? Akijibu 80, hapandishwi juu zaidi. Anakaa hapo hapo, anatazama chini, mpaka aone mwenyewe kwamba lile janga alilolingoja halikuja.

Kukaa huko ndiko tiba. (Fobia limetokana na phobos, na katika Kigiriki cha kale kabisa neno hilo lilibeba pia maana ya kukimbia. Nalipenda kwa hilo, maana kila mtu anapokikimbia kitu, hofu yake inazidi kunenepa.) Miwani inarahisisha tu: lifti husimama ghorofa yoyote mtaalamu anayotaka, ikarudia safari hata mara kumi.

Najua "tiba ya kukabili hofu kwa uhalisia pepe" ni jina refu. Ukitaka kulifupisha, sema "tiba ya miwani", nitakuelewa. Pepe liache kwenye uhalisia.