Je, wajua kwa nini rangi ya boti ya alumini haiondolewi kwa moto wala kwa kostiki?

Katika pwani ya Nungwi, kama ilivyo Pemba, dau la mbao likihitaji kusafishwa hupandishwa mchangani maji yakiwa makubwa, kisha maji yakipwa mafundi hulipitishia makuti yanayowaka chini ya tumbo lake. Moto huo huwaua wadudu watoboao mbao na kulainisha mabaki ya deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaopakwa tumboni mwa chombo, na rangi kuukuu, na mara nyingi chombo huwa kimekwisha kukwanguliwa na kupakwa upya kabla ya maji kujaa tena. Fundi aliyezoea kazi hiyo akiletewa boti ya zamani ya alumini, yenye matabaka ya rangi yaliyobabuka, hushawishika kutumia moto uleule, au kostiki soda, ambayo hung'oa rangi ya mafuta upesi kuliko mkono wa mtu. Njia zote mbili huiharibu boti.

Alumini ina ngozi yake. Ikikwaruzwa, oksijeni ya hewani huungana nayo papo hapo na kufanya utando mgumu wa oksidi, wenye unene wa nanomita chache tu, ambao jicho haliwezi kuuona. Chuma nacho huungana na oksijeni, lakini kutu yake hubanduka na kuacha chuma kingine wazi kiliwe, ilhali utando wa alumini hushikamana na madini yaliyo chini yake na ukijeruhiwa hujiponya. Utando huo hudumu katika maji ambayo pH yake, yaani kipimo cha uasidi na ualkali ambacho 7 ni katikati, ni baina ya 4 na 8.5 hivi, na maji ya bahari ni kama 8.1, kwa hiyo boti huwa salama, ingawa haiko mbali na ukingo.

Kostiki iliyoyeyushwa hufika pH ya 13 au 14. Wanaotengeneza sabuni ya mwani kule Paje hawahitaji kuambiwa nambari hizo, kwani sharti la kwanza la kazi yao ni kutokoroga kostiki katika sufuria ya alumini. Kostiki huyeyusha utando, kisha huyala madini yenyewe huku ikitoa joto na haidrojeni, gesi inayoshika moto kwa cheche ndogo. Katika boti za zamani zilizoungwa kwa ribiti, yaani misumari ya kupigiliwa, hatari huwa kubwa zaidi, kwa sababu dawa hupenya kwenye maungio, ambako maji ya kusuuzia hayafiki, na huendelea kuyala mabati kimyakimya.

Kuhusu moto, alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, wakati chuma cha pua hungoja mpaka zaidi ya 1,400. Madhara, hata hivyo, huanza mapema. Mabati ya boti hupewa ugumu kiwandani, aghalabu kwa kukandamizwa na mitambo, na yakifikia nyuzi mia tatu hivi ugumu huo huanza kupotea. Alumini haigeuki nyekundu kama chuma cha mhunzi, basi fundi hapati ishara yoyote; boti hubaki na umbo lake, ila imekuwa laini.

Kinachobaki ni subira: dawa ya kuondolea rangi ambayo kopo lake linasema wazi kuwa yafaa kwa alumini, kikwangulio cha mti au plastiki, na msasa uliolowanishwa. Brashi ya waya wa chuma haifai, kwani huacha chembe zinazoota kutu na kuchimba vishimo. Kupiga mchanga kwa mashine ya upepo hupinda bati jembamba. Msasa hulowanishwa ili kuzuia vumbi, maana rangi za zamani zaweza kuwa na madini ya risasi, na prima, yaani rangi ya kwanza ya kushikizia, ya manjano ya kijani iliyopakwa alumini miaka ile ilikuwa na kromati, ambayo husababisha saratani. Turubai itandikwe chini, na makapi yasiachwe pwani ambako watu huokota chaza.

Tumboni pana jambo la kuangalia zaidi. Ile rangi nyekundu ya kuzuia mwani na viumbe vinavyong'ang'ania chombo kwa kawaida huwa na oksidi ya shaba, na shaba ikigusana na alumini ndani ya maji ya chumvi, viwili hivyo huwa kama betri ambayo alumini ndiyo inayoliwa. Rangi ya namna hiyo ikikutwa imepakwa juu ya bati, iondolewe yote na isirudiwe. Ubavu ulio juu ya maji, kwa maoni yangu, ni heri uachwe mtupu. Unaopakwa hupakwa kwa ajili ya uzuri tu.

Bati likishakuwa safi huoshwa kwa maji matamu, kwani chumvi iliyobaki chini ya rangi huvuta unyevu na kufanya malengelenge. Baada ya hapo utando uleule unaoilinda boti huanza kuwa kikwazo, kwa kuwa kadiri unavyozidi kukua na kunyonya unyevu ndivyo rangi inavyokosa pa kushika. Kwa hiyo msasa wa mwisho hupigwa pale tu boti inapokuwa kavu, na prima ya epoksi ifuate ndani ya saa chache. Kazi hiyo haiwezi kubanwa baina ya maji kupwa na maji kujaa, na boti ya alumini inabidi ivutwe mpaka juu ya alama ya bamvua.