Deir Yassin, 254 au 107? Jinsi wanahistoria wanavyosoma mwaka 1948

Vita vya mwaka 1948 kati ya Waisraeli na Waarabu ni vile vile, ila Waisraeli huviita Vita vya Uhuru na Wapalestina huviita Nakba, yaani janga. Anayeanza kusoma hukimbilia kuuliza nani mkweli. Swali hilo mimi huliweka kando, maana simulizi la taifa halipimwi zima zima kama gunia kwenye mizani. Hufunguliwa, madai yakatolewa moja moja, na kila dai likaulizwa: nani alilisema, lini, akimlenga nani, naye alijuaje?

Chukua Deir Yassin, kijiji kilichokuwa magharibi mwa Yerusalemu. Tarehe 9 Aprili 1948 wapiganaji wa Irgun na Lehi, makundi mawili ya Kiyahudi yenye silaha, walikivamia wakaua wanakijiji, wanawake na watoto wakiwamo. Kwa miaka mingi idadi iliyoandikwa ilikuwa 254, na pande zote mbili ziliikubali. Tumezoea kuamini kwamba mahasimu wakikubaliana, jambo ni la kweli. Hapa si hivyo. Idadi hiyo aliitoa kamanda wa Irgun, Mordechai Raanan, kwa waandishi wa habari. Baadaye alikiri kwamba aliikuza ili Waarabu waingiwe na hofu. Viongozi wa Kiarabu nao waliitangaza, wakitaka majeshi ya nchi jirani yaingie vitani. Kila upande ulikuwa na haja yake na idadi kubwa. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birzeit, ambacho ni cha Wapalestina, waliwahoji manusura na kukusanya majina. Waliouawa wakawa 107.

Wapo wanaoishika 107 na kudai kwamba basi habari yote ilikuwa uzushi. Hilo ni kosa. Watu 107 ni mauaji ya halaiki, na zaidi ya hapo, 254 ndiyo idadi waliyoisikia watu wa vijiji vingine walipokuwa wakifunga mizigo. Kwa hiyo 107 naiandika kwenye hesabu ya waliokufa, na 254 naiandika kwenye sababu za watu kukimbia. Siifuti.

Waliokimbia au kufukuzwa mwaka ule na uliofuata walikuwa 700,000 hivi. Kwa muda mrefu ilidaiwa kwamba redio za Kiarabu ziliwaamuru waondoke. Mwaka 1961 mwandishi wa habari Erskine Childers alipitia rekodi ambazo BBC ilizitunza za matangazo ya 1948, asiikute amri hiyo. Ila usiruke kutoka hapo ukasema kila mji ulitolewa watu kwa namna moja. Mji wa Lydda, mwezi Julai, amri ya kufukuza ipo na imesainiwa na Yitzhak Rabin, ofisa wa jeshi la Israel. Mji wa Haifa, mwezi Aprili, mizinga ya Haganah, jeshi kuu la Wayahudi kabla ya kuundwa Israel, ilipiga mitaa ya Waarabu, kisha meya Myahudi, Shabtai Levy, akawasihi wabaki, na viongozi wao wakaamua kuondoka. Ndiyo maana kazi hufanywa kijiji kwa kijiji, wiki kwa wiki. Mwanahistoria wa Israel, Benny Morris, mwaka 1988, aliorodhesha miji na vijiji 369, akitaja sababu pale alipoweza kuipata.

Udhaifu wa orodha ile uko kwenye vyanzo vyake. Morris aliegemea nyaraka za Israel, masimulizi ya mdomo akayaweka pembeni. Na hifadhi nyingi za nchi za Kiarabu bado zimefungwa. Mkulima aliyetolewa shambani hakuacha faili, ofisa aliyemtoa analo. Ukifuata karatasi tu, utakiona kijiji kwa macho ya aliyekihamisha.

Masimulizi ya wazee nayo yana namna yake ya kusomwa. Baada ya miaka 40, mtu hukumbuka vizuri jina la jirani, kisima kilipokuwa na mpaka wa shamba la mizeituni. Tarehe humponyoka, na alichokiona huchanganyika na alichokuja kukisikia redioni. Kwa majina namsikiliza yeye kwanza. Kwa tarehe narudi kwenye shajara za kikosi cha jeshi kilichopita hapo.