Kupanda ndiyo sehemu rahisi

Wengi huamini kwamba bustani ya mtaa hupatikana siku ile watu wanapokusanyika na majembe, wakapanda, wakapiga picha, wakaagana. Sivyo. Siku hiyo wa kujitolea hawakosekani. Kazi yenyewe huanza wiki ya pili, jua linapowaka na ndoo haina wa kuibeba.

Chomoa mche kwenye kiriba, ule mfuko wa kuoteshea miche, uutazame: mizizi yote imejikunyata ndani ya kibonge kimoja cha udongo. Kibonge hicho hukauka upesi, hata kama ardhi ya pembeni bado ina unyevu. Ndiyo maana mti mchanga huhitaji kumwagiliwa kwa miaka 2 hivi ya mwanzo, tena maji ya kuzama chini, si ya kulowesha vumbi tu kila jioni. Matandazo, yaani majani makavu na mfano wake yanayofunika udongo, ya unene wa sentimita 5 hadi 10 hutunza unyevu, ila yasigusane na shina, lisije likaoza.

Kikundi chenye wapandaji 40 na hakina zamu ya maji, mimi ningekishauri kipande miche michache tu, ile ambayo watu 5 wataweza kuihudumia mpaka kiangazi kiishe.