Sura ya Nje na Moyo: Dhana Tunazoingia Nazo Kanisani

Dhana: Mtu wa rohoni hadanganyiki na sura.

Samweli alikuwa nabii, tena mzee wa miaka mingi katika utumishi, lakini alipofika Bethlehemu nyumbani kwa Yese kumpaka mafuta mfalme mpya na kumwona Eliabu, mwana wa Yese mwenye kimo, moyoni alikuwa amekwisha kumtawaza. Mungu ndiye aliyemzuia: “wanadamu huitazama sura ya nje, bali BWANA huutazama moyo” (1 Samweli 16:7). Kinachoshangaza ni kwamba nabii huyu alikuwa bado anamlilia Sauli, mfalme aliyewapita watu wote kwa urefu kuanzia mabegani, ambaye yeye mwenyewe alimpaka mafuta. Wana saba wakapitishwa mbele yake. Wa nane, Daudi, alikuwa machungani, na baba yake hakuona haja ya kumwita.

Dhana: Basi mzuri wa sura au mwenye mali hafai, na fukara ndiye mcha Mungu.

Aya tano tu baadaye, Daudi anaelezwa kuwa mwenye macho mazuri na umbo la kupendeza. Kumkataa mtu kwa sababu ya suti yake ni kuendelea kuangalia nguo. Yakobo naye, katika sura ya pili ya waraka wake, hakemei pete ya dhahabu. Anakemea mkono unaomwelekeza mwenye pete kwenye kiti kizuri huku maskini akiambiwa asimame kule, au aketi miguuni. Siku ya harambee mkono huo tunaujua: gari likiegeshwa tu, mhudumu wa mlangoni anakimbilia kiti cha mbele chenye kitambaa cheupe, na mama aliyetembea kwa miguu tangu alfajiri anasogezwa kwenye benchi la nyuma.

Dhana: “Msihukumu” maana yake tusipime tabia ya mtu yeyote.

Sura hiyohiyo ya 7 ya Mathayo inayoanza kwa katazo hilo inaonya, katika aya ya 15, juu ya mbwa mwitu waliovaa mavazi ya kondoo, kisha inasema watatambuliwa kwa matunda yao. Kinachokatazwa ni hukumu ya mwenye boriti jichoni na, kwa mujibu wa Yohana 7:24, hukumu ya macho tu. Matunda yanataka muda, na ndiyo maana Paulo anamwagiza Timotheo asimwekee mtu mikono, yaani asimsimike katika utumishi, kwa haraka, na mashemasi wajaribiwe kwanza. Kwa maoni yangu, kamati inayotafuta mhazina ingepata mengi kwa kuuliza iwapo dada wa kazi wa mtu huyo hulipwa mwisho wa mwezi, na muuza duka wa jirani anamdai kiasi gani, kuliko kwa kusikiliza anavyoomba kwa sauti.

Dhana: Ukikaa na mtu muda mrefu utamjua tu.

Yuda, mwanafunzi aliyemsaliti Yesu, alitembea na wenzake, akala nao, akashika mfuko wa fedha. Usiku wa usaliti, alipopokea tonge na kutoka, hakuna mezani aliyeelewa. Kwa kuwa ndiye aliyeshika mfuko, baadhi yao walidhani ametumwa kununua mahitaji ya sikukuu, au kuwapa maskini kitu.