Mmonaki hakuwa na kanzu moja tu

Wengi tunaamini kuwa mmonaki (mtawa wa kiume aishiye monasterini) wa Ulaya ya kale alivaa kanzu moja chakavu mpaka imwozee mwilini. Sivyo. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, sura ya 55, inampa kila mmoja kanzu 2 na majoho 2, apate ya kubadili usiku na nyingine zikifuliwa. Joho la baridi liwe zito, la kiangazi jepesi. Akipewa mpya, kuukuu anairudisha papo hapo, iwekwe stoo kwa ajili ya maskini. Hata anayesafiri (hapa ndipo ninapoguswa na uangalifu wao) alichukua stoo suruali za ndani, akirudi anazifua na kuzikabidhi. Kilichokatazwa ni kumiliki. Ndiyo maana abati, mkuu wa monasteri, alikagua vitanda mara kwa mara kutafuta mali iliyofichwa, naye ndiye aliyetoa kisu, sindano na leso.