Schengen siyo Umoja wa Ulaya, nimechoka kusema

Juzi tena. Dada kaja ofisini tiketi kashalipa kabisa, Dar–Paris, Paris–Dublin, Dublin–Amsterdam halafu nyumbani, pasipoti ina viza ya Ufaransa imebandikwa, yeye anataka bima tu. Namuuliza viza ya Ireland iko wapi, ananiangalia kama nimemuomba rushwa. "Si Ulaya hiyo hiyo kaka?" Wa tatu mwezi huu.

Haya. Schengen ni kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, viza moja inatembea zote, na hiyo ya Ufaransa ndiyo viza yenyewe. Ireland iko Umoja wa Ulaya, inatumia yuro, ila Schengen haimo, ina mpango wake wa zamani na Uingereza wa raia wao kupita bila pasipoti. Saiprasi nayo Umoja imo, Schengen bado. Sasa geuza: Uswisi, Norwei, Iceland na Liechtenstein hawamo kwenye Umoja lakini Schengen wamo kabisa. Na Mayotte, hapo tu jirani na Ngazija, ni Ufaransa kamili, lakini viza ya Schengen peke yake haikuingizi! Uingereza haijawahi kuwemo hata siku moja, kwa hiyo msiniambie eti Brexit ndo iliitoa.

Mbona ya huku mnaielewa? Mzungu mwenye ile viza moja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda akifika Namanga anakata nyingine ya Tanzania, na wote tuko Jumuiya moja. Ni hivyo hivyo.

Historia fupi: 1985 nchi tano zilisaini kwenye meli, mto Moselle, karibu na kijiji cha Schengen huko Luxembourg, ukaguzi mipakani ukaja kuondolewa 1995. Leo nchi ni 29. Romania na Bulgaria waliingia kwenye Umoja 2007, Schengen wakakaa kwenye foleni mpaka Machi 2024, tena kwa ndege na meli tu, mipaka ya barabarani ikafunguliwa Januari 2025. Miaka yote hiyo ni wanachama wa Umoja na bado wanaonyesha vitambulisho mpakani.

Sasa linaloniumiza kichwa kweli ni stika ya viza kwenye pasipoti. Hamsomi stika! Kuna sehemu ya idadi ya kuingia, ukiona 01 hiyo ni singo entri, unaingia mara moja tu, ukitoka kwenda Dublin au London umetoka, hata kama una viza yao, hata kama tarehe bado, mlango wa Amsterdam haufunguki tena. Maltipo, ya kuingia mara nyingi, imeandikwa MULT. Halafu kuna tarehe mbili, na chini yake kuna siku, watu wanashika tarehe tu. Viza inaweza kuwa ya 1 Juni mpaka 10 Julai na siku zikawa 15, maana yake siku 15 popote humo katikati, siyo siku 40, na siku ya kufika inahesabiwa na ya kuondoka inahesabiwa. Hata wa maltipo ana kikomo, siku 90 ndani ya siku 180, na hizo 180 unahesabu kurudi nyuma kutoka kila siku unayokuwepo, kutoka nje kidogo na kurudi hakuanzishi hesabu upya. Nina mteja, mzee wangu kabisa, nimemchorea kwenye kalenda mara nne na bado anabisha.

Kitu kimoja nakiri. Nawaambia watu "humo ndani hakuna mpaka", halafu wananipigia wako kwenye treni, wanaingia Ujerumani kutoka Austria, polisi wanataka pasipoti. Sheria inaruhusu ukaguzi wa muda, lakini mpaka huo umerudishiwa ukaguzi tangu 2015 na wanaongeza muda tu, Ufaransa nayo ni hivyo hivyo. Muda gani huo? Mimi siwezi kukutetea hilo. Pasipoti tembea nayo, usiiache hotelini.

Yule dada Dublin kaifuta, hela ya tiketi hairudi. Sasa anauliza kama Zanzibar nako siku hizi kunahitaji viza.